SABASABA NA KIKAO KILICHOKOSA AKIDI

*Maneno ya Katibu wa Tawi kikaoni, Julai 7. Yanatumwa kwa wanachama wote, hasa ambao hawakufika.*

Ndugu wanachama,

Leo tulikuja kuchagua viongozi wa tawi. Daftari lina majina 140, akidi ni nusu, tumehesabiana tumekuwa 31. Hii ni mara ya pili. Kwa kuwa tumeshakaa na chai imeshachemka, naomba niseme machache kuhusu tarehe yenyewe.

Wengi tunaijua Sabasaba kwa maonesho ya Barabara ya Kilwa. Najua wapo wenzetu walioko huko sasa hivi na watoto, sina ugomvi nao. Lakini siku hii haikuanza na mabanda. Julai 7, 1954, wajumbe 17 wa TAA walikutana Dar es Salaam, New Street, mtaa ambao leo ni Lumumba, wakakigeuza chama chao kuwa TANU. Mwalimu alikuwa na miaka 32, bado anafundisha Pugu. Na mtu asiniambie hiyo ni historia ya chama fulani. Babu zetu wa pande zote walikata kadi ile.

Asubuhi ndugu mmoja kaniuliza: kama wao 17 walitosha, sisi 31 tunashindwaje? Swali zuri. Wale walikuwa wajumbe, wametumwa na wenzao, na baada ya kikao waliingia kazini. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma, aliwafuata akina mama kwenye vikundi vyao vya ngoma hapa mjini, akawaingiza kwa maelfu. Daftari lao lilijazwa kwa miguu. Letu tumelijaza kwa simu, na inaonekana.

Wenzetu Kenya wana Sabasaba yao. Mwaka 1990 chama kilikuwa kimoja tu kwa sheria, kifungu cha 2A cha Katiba. Kenneth Matiba na Charles Rubia wakaomba kibali cha mkutano uwanja wa Kamukunji, Nairobi, Julai 7. Wakanyimwa, na siku tatu kabla wakawekwa kizuizini. Walioitisha mkutano wako ndani, kibali hakuna, polisi wamejaa, na watu wakaenda hivyo hivyo. Vurugu zilidumu siku kadhaa, wasiopungua 20 wakauawa. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini na hakurudi kuwa yule wa zamani. Desemba 1991 kifungu kile kikafutwa.

Na Nigeria, Julai 7, 1998, Moshood Abiola alifariki akiwa bado kizuizini. Kura za Juni 1993 zilimpa ushindi, wanajeshi wakaufuta. Alikaa ndani miaka minne kwa kudai kura zilizokwisha kupigwa. Nalisema hili taratibu, kwa sababu hapa kwetu kura yenyewe hatujaipiga, na hakuna aliyetuzuia.

(Siku hii pia ndiyo Siku ya Kiswahili Duniani, tangu 2022, na mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika Julai 7, 2000. Ya sherehe nawaachia wenye sherehe.)

Sasa letu. Utaratibu wetu uko wazi: akidi ikikosekana mara tatu, ngazi ya juu inatujazia nafasi. Majina yatakuja yameandikwa, nasi tutayasoma humu humu kwenye kundi, kisha tutaanza kulalamika kwamba tumepangiwa watu. Mimi mwenyewe nagombea tena, kwa hiyo mnaweza kusema najipigia debe. Sawa. Njooni mninyime kura, lakini njooni.

Kikao cha tatu ni Jumapili ijayo, saa 4 asubuhi, hapa hapa. Njoo na kadi. Wenye deni la ada, mweka hazina atakuwepo kuanzia saa 3. Wajumbe wa mashina, kila mmoja apite nyumba zake kabla ya Ijumaa jioni aniletee idadi ya wanaokuja. Wazee wawili wa shina la sokoni hawawezi kutembea. Anayeweza kuwaleta kwa bajaji anijulishe, nauli ipo.

Katibu wa Tawi