Mfupishe Kwanza, Ndipo Umpinge: Insha ya Chuo na Hoja ya Garrett Hardin



Insha ya uhakiki huharibika mapema kuliko tunavyodhani. Mwalimu anapofika kwenye aya ya pingamizi na kuandika pembeni "hoja dhaifu", kosa lilishatendeka tangu ukurasa wa kwanza. Mwanafunzi alimpunguza mwandishi, kisha akapigana na kile kilichobaki.

Mfano wangu unafundishwa sana vyuoni, na unawagusa watu wa hapa Timau, kwenye mteremko huu wa Mlima Kenya. Ni makala ya Garrett Hardin kuhusu mali ya pamoja, iliyotoka katika jarida la Science mwezi Desemba 1968. Mwulize mwanafunzi inasema nini. Atakujibu kwamba malisho ya wote huisha, kwa kuwa kila mfugaji huongeza ng'ombe mmoja. Faida ni yake peke yake, hasara wanagawana wote. Hayo yamo, lakini ni kielelezo tu, tena Hardin alikiazima kwa William Forster Lloyd, aliyeandika mwaka 1833. Hoja yenyewe ni ongezeko la watu. Hardin anadai kwamba tatizo hilo halina suluhisho la kiufundi, kwamba kuiachia kila familia uhuru wa kuamua idadi ya watoto kutawaangamiza wote, na kwamba dawa ni shuruti ambayo watu wenyewe wamekubaliana. Mwanafunzi asiyetaja watoto popote amefupisha kielelezo, makala hajaigusa.

Kipimo ninachopendekeza ni hiki: Hardin angeusoma ufupisho wako, angekubali kwamba hayo ndiyo aliyosema? Kama asingekubali, usivuke kwenda kwenye uhakiki. Angalia pia uzito wa kila kauli. Kuna anapodai, kuna anapotoa mfano, na kuna anapokiri. Anakiri, kwa mfano, kwamba mali ya binafsi inayorithiwa si haki, ila anaona afadhali dhuluma hiyo kuliko maangamizi ya wote. Anayeandika "Hardin anasema" kutoka mwanzo hadi mwisho amelifuta ungamo hilo, na pengine ndilo lingempa pa kushikia.

Tuje kwenye kupinga. Wapo wanaomrukia Hardin mwenyewe na siasa zake za kupinga wahamiaji. Siasa hizo ni kweli alikuwa nazo, lakini hazionyeshi hoja imevunjika wapi. Mtafiti Elinor Ostrom, tofauti nao, alilenga nguzo ya hoja yenyewe. Katika kitabu chake cha 1990 alichunguza malisho ya milimani Uswisi na mifereji ya umwagiliaji ya Uhispania na Ufilipino, akaonyesha kwamba mali ya pamoja si lazima iwe mali isiyo na kanuni. Mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hardin mwenyewe, katika miaka ya 1990, alikubali kwamba alipaswa kusema malisho *yasiyosimamiwa*.

Mwanafunzi wa hapa ana ushahidi mlangoni pake. Mito inayoshuka upande huu wa Mlima Kenya, Timau ukiwemo, ina vyama vya watumiaji maji vilivyotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2002. Mkulima mdogo na shamba kubwa la maua huketi meza moja kupanga zamu za maji kiangazi. Ataona amempata Hardin! Asiharakishe. Mito hii huishia katika mto Ewaso Ng'iro, ambao hukauka nyakati za kiangazi kule Archers Post, ambako mfugaji wa Samburu au Isiolo anautegemea. Kanuni zinazofanya kazi huku juu zinaweza zisimfikie mtu wa chini kabisa. Basi ushahidi huo huo unampinga Hardin hapa Timau na kumtetea, kwa kiasi fulani, kule Archers Post. Mwanafunzi anayeandika hivyo anastahili alama kuliko yule aliyemnukuu Ostrom na kutangaza ushindi, hata kama Kiingereza cha huyu wa pili kimenyooka zaidi.

Ombi langu kwa walimu: muhula ujao, toeni kazi ya ufupisho peke yake. Isahihisheni na kuirudisha kabla mwanafunzi hajaandika neno moja la kupinga.