Ugali Mezani, Viazi Melini

Kilichowaudhi Wakenya Januari 2022 hakikuwa kukosa vibanzi. Ilikuwa sababu waliyopewa. KFC ilisema shehena imechelewa baharini, na wananchi wakauliza: shehena ya viazi, na Nyandarua inayolima viazi ipo?

Kampuni hiyo ilifungua milango Nairobi mwaka 2011. Kuku inanunua humu nchini. Ugali nao umeingia kwenye menyu ili kumridhisha Mkenya, na hilo ni jema. Lakini viazi vilikuwa vya meli. Zaidi ya miaka 10, viazi vilikuwa vya meli! Jibu la kampuni lilikuwa kwamba kila anayeiuzia lazima apite ukaguzi wa ubora wa kimataifa. Kituo hiki hakipingi ukaguzi. Kinauliza ni nani aliyepanda hadi Kinangop, kule Nyandarua, kumweleza mkulima ukaguzi huo unataka nini.

India walikwenda njia nyingine. McDonald's ilipoanza kuuza Delhi mwaka 1996, bila nyama ya ng'ombe wala nguruwe, maandalizi ya shambani yalikuwa yameshachukua miaka kama sita. Wateja wanausifu mkate wa McAloo Tikki, wenye kababu ya viazi na viungo. Wachache wanajua kwamba viazi vya kufaa vibanzi vilikuwa adimu huko, hadi McCain, kampuni inayoiuzia vibanzi, ilipokaa na wakulima wa Gujarat kuhusu mbegu na umwagiliaji, kisha mwaka 2007 ikajenga kiwanda Mehsana.

Hapa kwetu, viazi ni zao la pili la chakula baada ya mahindi. Aina inayotawala ni Shangi, ambayo baada ya kuvunwa haikawii kuchipua. Asiye na ghala la baridi humuuzia dalali upesi, kwa bei ya dalali, katika gunia lililofurika kupita kilo 50 zilizowekwa na kanuni za mwaka 2019. Mkulima huyohuyo ndiye aliyeambiwa viazi ni vya meli.

Basi KFC itangaze vipimo vyake hadharani, tena kwa lugha anayoielewa mkulima. Kaunti zijenge maghala, zisingoje kampeni. Wakulima, ingieni kwenye vyama vya ushirika mpate sauti moja! Nawe msikilizaji, kila unapoagiza vibanzi, uliza viazi vimetoka shamba gani, na usiondoke kaunta kabla ya kujibiwa.