Mimea ya Utamu Uani: Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Mimea ya utamu inayoweza kupandwa uani katika Wilaya za Mbinga na Nyasa ni ya makundi mawili, na kuyachanganya makundi hayo ni kosa linaloweza kumdhuru mtu mwenye kisukari. Kundi la kwanza ni la mimea inayolimbikiza sukari katika mabua yake. Humo umo muwa, unaopenda mabonde yenye unyevu, wakati miteremko ya Umatengo, yaani nyanda za juu za Mbinga, imeshikwa na kahawa na ngolo, yaani mashimo yanayochimbwa kwa safu ili maji ya mvua yasiondoke na udongo. Umo pia mtama mtamu, ambao bua lake hutafunwa kama muwa. Sukari ya muwa unaotafunwa ni sukrosi ileile inayosafishwa viwandani Kilombero na Mtibwa, kwa hiyo dhana kwamba utamu wa shambani haupandishi sukari ya damu haina msingi wowote.

Kundi la pili ni la mimea ambayo utamu wake hautokani na sukari, na unaofahamika zaidi ni stevia, mmea mdogo wa asili ya Paragwai uliotumiwa na Waguarani tangu zamani, kabla mtaalamu Moisés Bertoni hajaueleza kisayansi mwaka 1899. Majani yake yana viambata viitwavyo glikosidi za stevioli, ambavyo vikisafishwa huishinda sukari kwa utamu mara 200 hadi 300, ilhali mwili hauvigeuzi kuwa glukosi, ambayo ndiyo sukari inayozunguka katika damu. Katika Tanzania, nchi ambayo mwanzoni mwa mwaka 2024 ilishuhudia sukari ikiadimika na kupanda bei baada ya mvua za El Niño kukwamisha uvunaji wa miwa, mmea wa namna hiyo unastahili nafasi karibu na jiko, kando ya mchaichai.

Hata hivyo stevia hailimwi kwa kubahatisha. Aina zake nyingi huchanua mchana unapokuwa mfupi kuliko saa 13 hivi, na kwa kuwa Mbinga ipo karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, muda kati ya macheo na machweo haufiki kiasi hicho hata mwezi Desemba. Matokeo yake ni kwamba mmea huwahi kutoa maua, na utamu wa majani hupungua baada ya hapo. Mkulima hana budi kuvuna vichomozapo vitumba na kuacha kisiki kichipue upya. Mizizi yake ni mifupi, haivumilii maji yaliyotuama wala ukavu wa muda mrefu, hivyo mchanga wa Liuli na Mbamba Bay, mwambaoni mwa ziwa, ingawa hautuamishi maji, unahitaji samadi, matandazo na umwagiliaji wakati wote wa kiangazi.

Majani hukaushwa, husagwa, na hutiwa kidogo sana katika chai au uji, kwani yakizidi huacha uchungu mdomoni. Katika maandazi hayawezi kuchukua nafasi ya sukari kikamilifu, kwa sababu sukari huyapa pia rangi na ujazo. Ikumbukwe vilevile kwamba idhini iliyotolewa mwaka 2008 na kamati ya wataalamu ya FAO na WHO ilihusu viambata vilivyosafishwa, si jani zima, na kwamba mwaka 2023 WHO ilishauri vitamu visivyo sukari, stevia ikiwamo, visitegemewe kupunguza uzito. Jani hili si dawa, na anayetumia dawa za kisukari asiziache kwa ajili yake.

Ugumu mkubwa wa stevia ni mbegu zake, ambazo huota kwa shida. Njia ya hakika ni kutumia vikonyo, yaani vipande vya shina vinavyooteshwa mizizi. Hapo ndipo Mbinga ina utajiri usiotajwa vya kutosha, kwa maana wakulima wake wamekwisha kuzoea kazi hiyo kupitia miche ya kahawa bora inayozalishwa kwa vikonyo, chini ya kituo cha Ugano cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI. Kitalu chenye kivuli na unyevu wa kuotesha kikonyo cha kahawa kinaweza kuotesha cha stevia pia, na miche yake ikateremshwa hadi mwambaoni, ambako joto haliiruhusu kahawa ya arabika kustawi.