Haibridi ni Mashine ya Foleni: Mhadhara wa Umma Kuhusu Magari ya Injini na Mota



Swali ninaloulizwa mara kwa mara na madereva wa teksi za mtandao, na walimu wenzangu, na ndugu zangu wa ukoo ni hili: mtu mwenye fedha za kununua gari lililotumika Japani achukue haibridi, au aachane nayo? Wengi huja wameshasikia habari mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kwamba gari hili linakula mafuta kidogo mno. Ya pili ni kwamba betri ikifa, gari limekufa nayo. Habari zote mbili zina ukweli ndani yake, na zote zinapotosha, kwa sababu hakuna inayouliza gari litatembea wapi na litashikwa na fundi gani. Jibu langu nalitoa sasa ili mlipime ninapoendelea. Haibridi ni mashine ya foleni. Anayeshinda kwenye foleni itamlipa, ilimradi betri yake itunzwe. Asiyekutana na foleni atanunua ufundi ambao barabara yake haiuhitaji.

Tuanze na kinachopotea. Chukueni Toyota IST ya petroli yenye abiria, jumla kilo 1,300 hivi, inatoka Mwenge kwenda Ubungo, Dar es Salaam, kwa kilomita 50 kwa saa. Mbele trafiki ananyoosha mkono. Dereva anakanyaga breki, pedi zinabana, na nishati yote ya mwendo ule, kama kilojuli 125, inageuka joto na kupotelea hewani. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi, lakini injini ya kawaida ikiwa mjini hufikisha kwenye matairi kama sehemu moja tu kati ya tano. Pigeni hesabu: kila ukisimama kutoka mwendo ule umemwaga mililita 20 za petroli, na ukisimama mara 50 umemwaga lita nzima. Kisha unakaa. Injini ya lita 1.5 inayozungusha kiyoyozi inaweza kula karibu lita moja kwa saa bila gari kusogea hata hatua. Hasara ya tatu haionekani kabisa. Injini ya petroli inapopewa kazi ndogo, kama kulisogeza gari taratibu nyuma ya lori, ndipo inapofuja zaidi, kwa kuwa nguvu yake nyingi huishia kuvuta hewa kupitia mlango uliofungwa nusu na kupambana na misuguano yake yenyewe.

Haibridi ilibuniwa ili kupunguza hasara hizi tatu. Wazo lenyewe ni la zamani; Ferdinand Porsche alitengeneza gari la injini na mota mwaka 1900. Lakini gari la kwanza la aina hii kuuzwa kwa wingi lilikuwa Toyota Prius, lililoingia sokoni Japani Desemba 1997 baada ya kazi ya kikundi kilichoongozwa na mhandisi Takeshi Uchiyamada. Aqua, ambayo ndiyo wengi wenu mnaiona barabarani, ilifuata mwishoni mwa 2011.

Nataka tukae kidogo kwenye injini ya Aqua hiyo ya kwanza, kwa sababu ni ndugu wa damu wa injini ya IST. Fundi anayejua kufungua 1NZ ya IST ya lita 1.5 akifunua boneti ya Aqua atakutana na sura anayoifahamu. Ujazo ni uleule. Tofauti iko kwenye valvu za kuingiza hewa. Katika Aqua huchelewa kufunga, pistoni ikiwa imeshaanza kupanda, na sehemu ya hewa inarudishwa ilikotoka. Matokeo yake ni kwamba mchanganyiko unabanwa kwa safari fupi, lakini baada ya kuwaka unatanuka kwa safari ndefu, na moto ule unafanya kazi zaidi kabla ya kutupwa kwenye ekzosi. Mwingereza James Atkinson alilifikia jambo hili miaka ya 1880 kwa vyuma vya kuungaunga. Leo linafanywa kwa kubadili muda wa valvu tu. Gharama yake ni udhaifu. IST yenye injini hiyo ina nguvu farasi 110 hivi, na ya Aqua ina 74. Ukiifunga peke yake kwenye gari, utalia mlimani. Mota ya umeme ndiyo inayoziba pengo hilo, kwa kuwa mota hutoa msukumo wake mkubwa kabisa gari likiwa bado limesimama, pale ambapo injini ni dhaifu zaidi.

Vitu hivi viwili vinaunganishwaje? Katika Toyota hakuna klachi wala gia za kupanda na kushuka. Kuna gia moja ya katikati, inazungukwa na gia ndogo zilizofungwa kwenye kibebeo, na zote zimo ndani ya ringi yenye meno upande wa ndani. Katika Prius, gia ya katikati ina meno 30 na ringi ina 78. Injini inazungusha kibebeo. Gia ya katikati imeshikwa na mota ya kwanza, ambayo kazi yake kubwa ni kufua umeme na kuwasha injini. Ringi inakwenda kwenye matairi ikisaidiwa na mota ya pili. Meno hayo yanaamua mgawanyo: asilimia 72 ya msukumo wa injini inakwenda kwenye ringi, na 28 kwa mota ya kwanza, daima. Kompyuta inachobadilisha ni kasi ya mota hiyo ya kwanza, na kwa kufanya hivyo inaiacha injini izunguke kwa mwendo unaoifaa hata kama matairi yanakwenda kwa mwendo mwingine kabisa. Nimefundisha mitambo kwa muda mrefu na bado naona ni moja ya kazi nzuri zaidi za uhandisi katika magari ya watu wa kawaida. Ni vyuma vichache, na mkanda wa kukatika haumo.

Ukiachia mafuta, mota ya pili inageuka jenereta, inalivuta gari nyuma na kupeleka umeme kwenye betri. Hairudishi nishati yote; ikirudisha nusu, imefanya vizuri. Ukisimama, injini inazimika, na kiyoyozi kinaendelea kwa umeme. Kwa joto la Dar es Salaam betri itapungua baada ya dakika chache na injini itajiwasha kuijaza, kisha itazima tena. Msishtuke ikifanya hivyo.

Betri ya Aqua ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: vipande 20 vya volti 7.2 kila kimoja, jumla volti 144, na uwezo wake haufiki kilowati-saa moja. Ni kama hela zilizo mkononi mwa kondakta wa daladala: zinaingia na kutoka kutwa nzima, na hakuna anayetarajia ziwe akiba. Kompyuta huilinda isipande sana wala kushuka sana, karibu kati ya asilimia 40 na 80, na ndiyo maana inaweza kudumu miaka mingi. Udogo huu una maana kwa dereva wa mikoani. Gari la kilo 1,300 likishuka mita 100 tu za mlima linatoa nishati ya kutosha karibu kuijaza sehemu ya betri inayotumika. Anayeteremka Kitonga kutoka Iringa atakuta betri imejaa mapema, na kuanzia hapo mota haina pa kupeleka umeme. Aweke gia kwenye B, injini ianze kushikilia gari. Asitegemee pedi peke yake hadi chini.

Si kila gari linaloitwa haibridi ni la aina hii. Nissan Note e-Power, iliyotoka 2016, injini yake haisukumi matairi kamwe. Inafua umeme tu, na mota ndiyo inayoendesha. Honda Fit na Vezel za haibridi zilizotoka 2013 zina gia boksi la gia saba na klachi mbili, lililorudishwa kiwandani Japani zaidi ya mara moja kwa marekebisho. Mimi ningelipima kwa uangalifu mkubwa kabla ya kulilipia. Na Nissan Serena S-Hybrid ina mota ndogo ya kusaidia tu, isiyoweza kuliendesha gari peke yake. Ukiinunua kwa ajili ya foleni umenunua nembo.

Sasa nije kwenye betri, maana hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea.

Chini ya kiti cha nyuma cha Aqua kuna tundu la hewa lenye vichane vya plastiki. Feni iliyo ndani huvuta hewa ya abiria na kuipitisha kwenye betri. Mkivitoa vichane hivyo kwenye gari ambalo limetembea barabara zetu za vumbi bila kusafishwa, mtakuta mapanga ya feni yamevikwa koti la kijivu la vumbi, nywele na nyuzi za viti. Feni inazunguka, lakini hewa haipiti. Juu yake mwenye gari ameegemeza mfuko wa sokoni, tundu limezibwa kabisa. Betri inachemka kila siku kwa siri, na joto ndilo linaloizeesha haraka kuliko kitu kingine. Kusafisha feni hiyo ni kazi ya brashi na muda mfupi. Kiyoyozi nacho, katika gari hili, kinatumikia betri sawasawa na kinavyomtumikia abiria.

Vipande vya betri vimefungwa kwa mfuatano, kwa hiyo kilicho dhaifu kinajaa kwanza na kuisha kwanza, na kinazirudisha nyuma nguvu za vyote. Taa ikiwaka, fundi anapima, anakitoa kibovu na kuweka kingine kilichotoka kwenye betri kuukuu. Taa inazima. Baada ya muda kipande kinachofuata kwa udhaifu kinajitokeza, kwa kuwa vyote vilizeeka pamoja. Simlaumu fundi, anafanya anachoweza kwa bei ambayo mteja yuko tayari kulipa. Lakini mteja aambiwe ukweli kwamba amenunua muda, hajanunua betri. Kuna pia tatizo linaloniuma zaidi: betri ndogo ya volti 12 ikichoka, gari linakataa kuwaka kabisa, na mtu anauziwa betri kubwa ambayo hakuihitaji.

Na mafundi wangu, nyaya za rangi ya machungwa si za mchezo. Inveta ya Aqua hupandisha umeme hadi volti 520. Vaeni glavu za mpira zilizopimwa, chomoeni plagi ya usalama, mngoje dakika 10 ili kapasita ziishiwe, ndipo mguse.

Tufanye hesabu ya mfuko. Namba zangu ni za makadirio. Kila mmoja aweke za kwake. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita, IST mjini inakwenda kilomita 11 kwa lita na Aqua 20. Japani, Aqua ilitangazwa kuwa ya kilomita 35.4 kwa kipimo chao cha JC08, lakini kipimo hicho hakijui Kariakoo. Dereva wa teksi ya mtandao anayetembea kilomita 3,900 kwa mwezi anaokoa lita 160, yaani karibu shilingi 480,000. Betri na kazi yake ikimgharimu milioni 3, imejilipa ndani ya miezi saba. Mwalimu anayetembea kilomita 700 kwa mwezi anaokoa shilingi 86,000 hivi, na betri ileile itamchukua karibu miaka mitatu kuirudisha, bado hatujagusa tofauti ya bei ya kununulia. Na anayeishi kwenye barabara ya wazi, anayekwenda Dodoma na kurudi bila kusimama ovyo, atakuta tofauti hiyo ya kilomita imesinyaa sana, maana anayefunga breki mara chache ana kidogo cha kurudishiwa.

Kwa Dar es Salaam mshindani wa kweli wa haibridi ni IST iliyofungwa mtungi wa gesi asilia. Dereva aliye karibu na kituo cha gesi, asiyejali buti kuliwa na mtungi wala foleni ya kujaza, anaweza kushinda kwa gharama ya kilomita. Simshawishi abadilishe. Akihamia mkoa usio na gesi, hesabu inageuka.

Umri wa gari nao uangaliwe. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingia. Tanzania linaingia, likitozwa ushuru zaidi, kwa hiyo tunapokea Aqua ambazo betri zake zimeshafanya kazi miaka kumi na zaidi kabla hazijaiona bandari. Mnunuzi adai kipimo cha volti ya kila kipande gari likiwa linatembea, si likiwa limeegeshwa. Afunue feni. Aangalie maji ya kupoza inveta. Muuzaji akikataa kipimo hicho, mnunuzi aondoke, hata kama rangi inang'aa.

Chuo hiki kina wajibu hapa. Magari haya yameingia barabarani kabla ya mafunzo, na fundi wa mtaani amejifunza kwa kupigwa shoti na kwa kuangalia video. Napendekeza kozi fupi ya jioni, kwa Kiswahili, kwa mafundi wenye karakana, bila sharti la cheti cha shule, na yenye zana za kupimia ambazo wanaweza kuzikodi kwetu wakirudi kazini. Idara yangu iko tayari kuianza muhula ujao.

Betri iliyofunguliwa iko mezani kwenye karakana ya pili, plagi imechomolewa na vipande vyote vimeandikwa volti zake kwa chaki. Vitatu ni vibovu. Wanafunzi watawaonyesha jinsi ya kuvitambua, na maswali tutayachukulia hukohuko.