Ukitaka Kwenda Katavi, Uliza Maji Kwanza

Mabasi yanayotoka Mpanda kwenda Sumbawanga hukatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Abiria huchungulia dirishani, pengine akamwona twiga, kisha akaendelea na safari yake. Wengi wamepita njia hiyo miaka na miaka bila kushuka hata mara moja. Leo nazungumza na wewe unayetaka kushuka.

Katavi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998. Ina kilomita za mraba 4,471. Unguja na Pemba ukiziunganisha hazifikii ukubwa huo. Hata hivyo, wageni wake ni wachache mno ukilinganisha na wa Serengeti.

Anayepanga safari huanza kuuliza atalala wapi na atalipa kiasi gani. Mimi nasema aanze na Mto Katuma, unaoingia hifadhini. Mvua zikianza Novemba, mbuga za Katisunga na Chada hujaa maji, udongo mweusi hunasa magari, na wanyama hutawanyika porini kwa sababu kila kona ina maji. Mambo hayo huendelea hadi Aprili. Kuanzia Juni mto hunywea, na ifikapo Septemba na Oktoba hubaki madimbwi tu. Hapo ndipo utaona mambo usiyoyaona kwingine. Viboko kwa mamia hujazana kwenye tope moja, migongo imekauka na kupasuka, madume wakitoana damu kugombea nafasi ya kulala. Mamba huingia kwenye mapango ya kingo za mto, wakalaliana humo wakisubiri mvua. Nyati huteremka kunywa kwa makundi makubwa, na simba wanajua watapitia wapi. Siku moja haitoshi kuyaona hayo. Tenga tatu, nne ukiweza.

Maandalizi yafanyie Mpanda: mafuta, maji ya kunywa, chakula, tairi la akiba. Kuna treni ya kutoka Tabora kwa asiye na haraka, ila ndani ya hifadhi lazima uwe na gari la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Lipia kiingilio kabla hujaondoka mjini, maana ukishaingia porini mtandao wa simu hupotea. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, tena kiasi kidogo sana kuliko mgeni wa mbali. Usivae nguo za buluu wala nyeusi. Mbung'o hupenda rangi hizo, na wa Katavi wanauma kwelikweli. Ukitaka kutembea kwa miguu, omba askari wa hifadhi mwenye silaha, na mwombe akuonyeshe mkwaju wa Katabi, mzimu wa Wabende ambao hifadhi imechukua jina lake. Watu wangali wakiacha sadaka pale chini.

Sasa nirudi kwenye mto, kwa maana hapo ndipo penye uchungu wangu. Katuma haikauki kwa jua peke yake. Kabla haijafika hifadhini, maji yake huchepushwa kwa mifereji na mabwawa kwenda mashamba ya mpunga, na misitu ya huko juu imekatwa sana. Viboko wanaobanana kwa namna inayotushangaza sisi watazamaji, wengine hufa pale pale topeni. Simlaumu mkulima, mchele wake tunaula, na watoto wake wanasoma kwa fedha hizo hizo. Lakini haiwezekani kila mtu achote kwa kipimo chake, halafu tutegemee mto ufike Ziwa Rukwa.

Kwa hiyo naiomba Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa: kila Juni, itangaze kwenye redio Katuma ina maji kiasi gani inapoingia hifadhini, na kibali kipi kimetolewa kwa shamba lipi. Mkulima apange msimu wake kwa taarifa hiyo, na askari wa hifadhi pale Sitalike, na mgeni anayeweka akiba ya nauli. Nawe ukipiga simu kuulizia malazi, ulizia na mto. Wenye malazi wakiulizwa na wengi, watalazimika kuwa na jibu.