MAWE YA DARAJA LA RELI SI YA GHALA
(Maneno ya mjumbe wa kamati kwenye mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya waliokosa kufika.)



Imetolewa hoja kwamba msingi wa ghala letu la alizeti ujengwe kwa mawe ya kuta za pembeni za daraja la korongoni, eti kwa kuwa reli ya kisasa inajengwa na hii ya Mjerumani imechakaa. Mimi napinga.

Reli hii ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Hapa kwetu ndipo ilipopanda ukuta wa Bonde la Ufa, kutoka Saranda kwenda Manyoni. Makorongo yetu mnayajua: kiangazi mchanga mtupu, masika maji ya kung'oa miti. Na mawe hayo hakubeba Mjerumani! Waliochimba na kubeba ni Waafrika, wengi wao Wanyamwezi. Someni daraja zima, hamtaona jina hata moja la mtu wetu. Kumbukumbu yao ni hayo mawe. Halafu mwaka 1916 Wajerumani, wakiwakimbia Waingereza, wakalipua madaraja mengi ya reli hii hii.

Sasa litazameni tao. Kila jiwe linambana jirani yake, na treni ikipita uzito unazidi kuyabana. Ndiyo nguvu yake. Lakini ukuta wa pembeni ndio unaozuia udongo. Ukiubomoa, maji yanapita nyuma, udongo unakwenda, na tao linafuata. Na treni bado zinapita juu yake, jamani, na watu wamo ndani!

Mwingine atasema Serikali italilinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Daraja letu bado kijana! Mpaka Waziri alitangaze.

Ghala tunalitaka, sikatai. Mawe ya mlimani yapo, kazi ni kuyasomba tu. Naomba Katibu aandike barua kwa Shirika la Reli na kwa Mambo ya Kale, ipitie ofisi ya kijiji. Wazee waliosimuliwa na baba zao habari za kazi ile wamwone mwalimu, aziandike. Barua itabandikwa hapa kabla haijapelekwa. Mwenye la kuongeza amwambie Katibu.