Kifafa Hakisubiri Zamu ya Kipimo



Makamanda, huku kwetu Mbeya na Iringa tunafuga nguruwe, na vyoo bado ni shida. Mayai ya tegu yakitoka kwenye kinyesi cha mtu yakaingia kwenye chakula, yanaweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Sisi tunasema karogwa.

Kipimo cha umeme wa ubongo cha nusu saa kinaweza kutoka safi, mtu akaanguka usiku huohuo. Ndiyo maana nchi nyingine mgonjwa hubandikwa waya kichwani, akarudi nazo nyumbani, zikarekodi hata akilala.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu 2023. Basi tudai kipimo hicho cha nyumbani kiwe kwenye kitita. Haki ya mgonjwa isiishie kwenye geti la hospitali ya rufaa!